Adui wa kwenye muvi akiwa na nywele nyeupe na ngozi iliyopauka, tunamjuaje kabla hajafungua mdomo?

#1 Kibanda Umiza
Wakuu, salaam.

Juzi nimerudia The Matrix Reloaded ya 2003 na mdogo wangu ambaye hakuwahi kuiona. Wakaingia wale mapacha wa rasta nyeupe, suti nyeupe, uso mweupe pee. Hawajasema neno, dogo akatoa hukumu: "Hawa maadui." Nikamuuliza umejuaje, akanijibu, "Kwani huwaoni?"

Nikaanza kuwakusanya. The Da Vinci Code ya 2006, yule mtawa muuaji Silas: nywele nyeupe, ngozi nyeupe. The Princess Bride ya 1987, jamaa wa chumba cha mateso: vilevile, na hata jina hakupewa, anaitwa Albino basi. Foul Play ya 1978, muuaji wa kukodiwa: vilevile. Skyfall ya 2012, Javier Bardem, Mhispania mwenye nywele zake nyeusi nzuri tu, wakamtia rangi ya njano kichwa kizima.

Madai yangu ni kwamba waongozaji wa Hollywood ni wavivu. Kumwonyesha mtu mbaya kwa matendo yake kunahitaji akili, kumpaka rangi kunahitaji kopo. Pingeni.

#2 Chapati Mbili
Nimekaa siti ya mbele. Muuza karanga apite huku.

#3 Mzee wa Steringi
Neno "wavivu" umelitupa kirahisi, mleta mada. Wewe na hilo jina lako si umekulia kwenye kibanda umiza kama mimi? TV ndogo, spika inakwaruza, watu themanini kwenye benchi za watu thelathini, Kiingereza hakuna anayekijua. Steringi na adui tulikuwa tunawatofautishaje? Kwa sura. Muongozaji ana saa mbili tu, na dakika kumi za kwanza lazima ujue umshangilie nani. Huo si uvivu, ni ufundi.

Na hiyo rangi ya njano ina historia yake. Angalia miaka: From Russia with Love, ile James Bond ya Sean Connery, 1963, adui Red Grant, nywele za njano. Rocky IV, 1985, Ivan Drago, Mrusi, nywele za njano zimesimama wima. Die Hard, 1988, yule Karl wa nywele ndefu za njano anayetaka kulipiza kisasi cha ndugu yake. Wamarekani na Waingereza walipigana na Mjerumani, kisha wakanuniana na Mrusi. Hitler alihubiri ubora wa watu wa nywele za njano na macho ya bluu. Vita vilipokwisha, sura hiyohiyo aliyoisifia ikageuzwa kuwa sura ya adui. Siasa hiyo, mkuu. Rangi ni kisingizio.

#4 BintiTanga
Mzee wa Steringi, nakubali nusu. Huyohuyo Dolph Lundgren aliyecheza Drago, 1987 alicheza He-Man kwenye Masters of the Universe. Nywele njano tupu mpaka mabegani, na ndiye steringi. Siasa yako imekwenda likizo?

#5 Kibanda Umiza
#4 Hapo sasa! Ila ongezea na hii: walipompa usteringi wa The Punisher mwaka 1989 walimpaka nywele NYEUSI. Mtu yuleyule, kifua kilekile. Wameona akibaki na njano yake watu watadhani Drago karudi.

#6 Mzee wa Steringi
Asante kwa kunisaidia kutetea hoja yangu.

#7 Mwalimu Fasihi
Vijana mnaanzia 1963 kana kwamba dunia iliumbwa pamoja na Sean Connery.

Rudini nyuma. Wachoraji wa Ulaya kwa karne nyingi walimpaka Yuda Iskariote nywele na ndevu nyekundu. Fungueni Injili zote nne, hakuna mstari unaotaja rangi ya nywele za Yuda. Wamejitungia. Ikazoeleka kiasi kwamba Shakespeare kwenye As You Like It anafanyia mzaha: Rosalind analalamika kwamba hata nywele za mpenzi wake zina rangi ya unafiki, Celia anamjibu kwamba zimezidi kidogo za Yuda kwa ukahawia. Watazamaji walicheka bila kufafanuliwa.

Dickens akairithi. Fagin wa Oliver Twist, mzee anayefundisha watoto wizi: nywele nyekundu zilizosokotana. Uriah Heep wa David Copperfield, mnafiki anayejinyenyekeza huku anachimba shimo: nywele nyekundu, nyusi kama hana, kope hana. Msomaji akifika hapo keshajua amekutana na nani.

Ukija kwenye weupe, Herman Melville mwaka 1851 alitenga sura nzima ya Moby-Dick kuuliza kwa nini weupe unatisha, na humo anamtaja mtu mwenye ualbino: ameumbika sawa na wengine, hana kasoro ya kiungo, kwa nini basi watu wamkwepe? Hakupata jibu moja, akajaza kurasa. H. G. Wells mwaka 1897, yule mtu asiyeonekana, Griffin, kamfanya karibu na ualbino. Hapo angalau kuna sababu ndani ya hadithi: mwili wenye rangi kidogo ni rahisi kuufanya upitishe mwanga.

Kwa hiyo Hollywood haikubuni chochote. Ilinunua duka pamoja na bidhaa zake.

#8 Msomaji wa Usiku
Mwalimu, umemtaja Fagin ukaruka jambo kubwa. Nywele nyekundu za Fagin haziko peke yake. Dickens alikuwa anamwita "Myahudi" karibu kila ukurasa, na kwenye michezo ya kuigiza ya Ulaya nywele nyekundu za Yuda zilishabebeshwa Wayahudi wote. Yaani rangi ilikuwa njia ya kulitaja kabila zima.

Mwaka 1863 mama mmoja Myahudi, Eliza Davis, alimwandikia Dickens akimlaumu kwa hilo. Mwanzoni alijitetea. Lakini toleo la 1867 lilipokuwa linapangwa alifuta "Myahudi" sehemu nyingi za sura za mwisho, na kwenye Our Mutual Friend akaweka mzee Myahudi mwema, Riah. Barua moja ilifanya kazi hiyo.

#9 Mwalimu Fasihi
#8 Sikuruka, niliogopa uzi kuwa mrefu. Nywele lakini hakuzifuta.

#10 Nuru ya Jua
Habari za jioni. Mimi nina ualbino, naishi Morogoro, ni mwalimu wa msingi. Huwa nasoma tu humu, leo nimeona niandike.

Kinachonichekesha kwenye hizo muvi ni macho. Kukosa melanini, ile rangi ya asili ya mwili, hakuishii kwenye ngozi, kunagusa jicho lenyewe tangu tumboni. Wengi wetu uoni ni hafifu, mwanga unatuumiza, macho yanachezacheza. Nilikaa dawati la mbele miaka yote na ubao nilikuwa nausikia tu, sikuuona. Halafu Silas anawasha gari usiku anaendesha mjini, bila miwani, anakwenda kuua! Mimi kuvuka barabara ya Msamvu saa moja jioni ni mradi wa watu wawili.

Na yale macho mekundu wanayoandika kwenye vitabu. Wengi tuna macho ya bluu, kijivu au kahawia hafifu. Wekundu unaweza kuuona mwanga ukipiga kwa pembe fulani, basi.

Kuhusu maigizo: shuleni kila ikija sherehe mimi nilikuwa mzimu. Sikuomba, nilipangiwa. Nikiwa chuo akaja muongozaji mmoja wa filamu, simtaji, ananitaka niwe jini linalotoka kisimani. Nikamuuliza kama kuna nafasi ya nesi. Alicheka sana. Ujini akapewa dada mweusi, wakampaka unga wa sembe.

#11 Chapati Mbili
#10 Sembe?? Na bei ya sembe ilivyo? Karibu jukwaani mwalimu.

#12 Dr Chunusi
Mimi ni mtu wa ngozi kikazi. Namuunga mkono Nuru kwa kila alichosema kuhusu macho.

Nyongeza. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa ngozi la Marekani, JAMA Dermatology, lilichapisha uchunguzi wa watu wa chuo cha tiba cha Galveston, Texas. Walichukua orodha ya taasisi ya filamu ya Marekani, maadui 10 wakubwa wa wakati wote na masteringi 10, wakawakagua kama wagonjwa wa kliniki. Maadui 6 kati ya 10 walikuwa na jambo la ngozi au nywele: upara, weusi kuzunguka macho, mikunjo mizito, makovu, chunjua. Nasoma nikajisemea, hii foleni yangu ya Jumatatu asubuhi kabisa.

Kwa hiyo mleta mada, usibane uzi kwenye weupe. Kitu chochote kinachomfanya mtu aje kwangu, Hollywood wameshakigeuza kuwa ubaya. Na chama cha watu wenye ualbino cha Marekani, NOAH, kililalamika The Da Vinci Code ilipotoka. Walikuwa wamehesabu kwamba ni filamu ya 68 tangu 1960 yenye mhusika muovu wa aina hiyo. Waingereza nao mwaka 2018, taasisi yao ya filamu ilitangaza haitatoa fedha kwa filamu inayotumia makovu ya uso kuonyesha uovu.

#13 Msukuma wa Kahama
Mnaongea vizuri ila hamjagusa sababu: UHABA. Ulaya na Marekani kaskazini mtu mwenye ualbino ni mmoja kwa takriban watu 17,000 mpaka 20,000. Mtu anazeeka hajakaa naye meza moja. Usiyemjua utamzulia lolote, hakuna wa kukusuta.

#14 BintiTanga
#13 Hesabu yako inakukimbia. Tanzania inayotajwa sana ni mmoja kwa takriban 1,400. Kila tarafa wapo, tumesoma nao, tunasali nao, tulikuwa na Al-Shaymaa Kwegyir bungeni tangu 2008, na 2010 Lindi Mjini wakamchagua Barwany kwa kura zao. Uhaba ungekuwa ndiyo sababu, sisi tungekuwa wa mwisho kuwazulia. Badala yake huku watu hawakuishia kuwaigiza, waliwakata viungo wapeleke kwa waganga. Huko mnakotoka wewe zaidi.

#15 Msukuma wa Kahama
#14 Dada umenipiga pabaya, lakini sikimbii. Huku kwetu rangi ya kumhukumu mtu haikuwa nyeupe tu. Bibi zetu waliuawa kwa sababu ya macho mekundu. Bibi kapikia kuni na samadi miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, moshi umekula macho, halafu ng'ombe wa jirani akifa au mtoto akipata homa, ushahidi upo usoni kwake. Shinyanga, Mwanza, kote huko. Mama mdogo wa baba yangu alihamishiwa mjini usiku kwa ajili hiyo hiyo. Aliyemtaja alikuwa jirani aliyekunywa maziwa yake tangu utoto.

Kwa hiyo siyo kwamba alikuwa adimu. Walimjua mno. Labda ndiyo maana nasema uhaba ni nusu tu.

#16 Mpemba wa Mjini
Poleni kwa hayo. Mie naleta la mbali kidogo.

Nilikaa China miaka kadhaa kwa masomo, nikapelekwa kutazama ile opera yao. Pale uso mweupe ndio uso wa mjanja msaliti. Cao Cao, yule waziri wa hadithi za Falme Tatu, hupakwa mweupe. Uso mwekundu ni wa muaminifu, ndio wa Guan Yu. Na mweusi ni wa mtu asiyepinda, hakimu Bao Zheng, hakimu wa haki ambaye hata ndugu wa mfalme hawamwepi. Yaani mwekundu wa Yuda wenu kwao ni shujaa, na mweusi ambaye Hollywood kampa ujambazi kwao ni hakimu.

Ukienda kabuki ya Wajapani, mistari myekundu usoni ni ya shujaa, ya bluu ni ya muovu au mzuka.

Sasa Mzee wa Steringi atanambia Wachina walipigana na nani mwenye uso mweupe?

#17 Mzee wa Steringi
#16 Waingereza, vita vya kasumba, yaani afyuni.

#18 Mpemba wa Mjini
#17 Opera hizo zina rangi zake kabla ya kasumba, bwana. Usinilazimishie.

#19 Mwalimu Fasihi
#16 na #18 ni hoja nzito. Ila tazameni kwamba kwenye opera rangi ni kofia tu. Muigizaji anaipaka, anaivua, anarudi nyumbani na uso wake, na hakuna Mchina anayezaliwa na uso mwekundu wa Guan Yu wa kusifiwa mtaani. Kwenye sinema wamechukua rangi ambayo watu wanazaliwa nayo. Huyo Nuru hapo juu hana pa kuivua.

Shaaban Robert alikwepa mtego huu kwa njia yake. Kwenye Adili na Nduguze, ndugu wabaya wanaitwa Hasidi na Mwivu. Ubaya upo kwenye jina, ngozi kaiacha.

#20 Chapati Mbili
#19 Baba yao naye alitegemea nini kumwita mtoto Hasidi?

#21 Jirani wa Kondele
Hamjambo wandugu, niko Kisumu hapa. Nashangaa mko bandiko la ishirini na hakuna aliyetaja Lion King ya 1994, sinema iliyojaa Kiswahili kuliko mitihani yetu. Mufasa na Simba rangi ya dhahabu. Scar, ndugu wa damu wa Mufasa, kahawia ya giza na manyoya ya shingo meusi ti. Ni ndugu mmoja kweli hao? Na fisi mkubwa wakamwita Shenzi, wakamaliza kazi.

Aladdin ya 1992 ni hivyohivyo. Jafar na walinzi wa soko ni weusi zaidi, pua ndefu, lafudhi nzito. Aladdin na Jasmine, Waarabu wa mji uleule, wanaongea kama watoto wa California. Waarabu wa Marekani walilalamika mpaka mstari mmoja wa wimbo wa mwanzo ukabadilishwa 1993 kanda za nyumbani zilipotoka. Michoro iliachwa.

Kwa hivyo mada yako, Kibanda, iko upande mmoja. Weupe wa kutisha ni wachache. Weusi ndio wamebebeshwa mzigo mkubwa.

#22 Tairi la Vumbi
Salaam kutoka Seronera, mtandao ukikubali.

Jirani wa Kondele umenigusa kwenye ugali wangu. Mimi natembeza wageni. Kila wiki tukimkuta dume lenye manyoya meusi ya shingo, lazima mgeni mmoja aseme "Scar!" na watoto wamchukie palepale. Huwa nawaambia ukweli wa porini, wanakasirika.

Hapahapa Serengeti, Peyton West na Craig Packer walifanya utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2002. Walitengeneza madume bandia ya ukubwa halisi, wakayavalisha manyoya: mengine meusi, mengine ya rangi hafifu, marefu na mafupi. Wakapiga kanda ya sauti kuwaita simba, wakakaa kwenye gari kuangalia. Majike walisogelea lenye manyoya meusi. Madume wageni wao walilikwepa leusi wakamwendea mwenye rangi hafifu, kwa sababu ndiye wanayemwona wanaweza kumpiga. Weusi wa manyoya unaendana na homoni za kiume kuwa juu na kula vizuri. Gharama yake ni joto. Mwenye manyoya meusi anaungua zaidi na jua.

Kwa hiyo kwa hesabu za Serengeti, Scar ndiye mchumba, na lile dume la dhahabu lingepata tabu sana kulinda majike wake. Wachoraji waligeuza mambo juu chini ili mtoto wa miaka minne aelewe nani mbaya.

#23 Jirani wa Kondele
#22 Umeniharibia utoto wangu wote kwa aya mbili.

#24 BintiTanga
#22 Sasa nimeelewa kwa nini Zira alimpenda. (Sehemu ya pili, kwa wasiojua.)

#25 Kibanda Umiza
#22 Bandiko la mwaka. Lakini linanisaidia: mchoraji alikuwa na simba halisi wa kuangalia, akaamua rangi kwa kufuata mazoea ya binadamu. Uvivu ninaousema ndio huo.

#26 Fundi Meikapu
Nimefanya kazi kwenye filamu za hapa nyumbani, upande wa uso na nywele. Acheni kuwasema Wazungu peke yao.

Ukiletewa skripti ya kwetu unajua cha kufanya bila kuisoma. Binti mwema wa kijijini: twende kilioni kichwani, kanga, uso mkavu. Mwanamke mbaya wa mjini anayenyang'anya mume: wigi refu, kope za kubandika, kucha ndefu nyekundu, na awe mweupe. Kama muigizaji ni mweusi, naambiwa nimpandishe rangi hatua mbili, vidole vibaki vyeusi ili watu waone ni mkorogo. Mchawi: bibi, nywele nyeupe zimetimka, macho nimtie wekundu. Hapo Msukuma wa Kahama anisamehe, sikuwahi kuunganisha na hao bibi zake mpaka leo nilipomsoma.

Kuna siku niliuliza kwa nini yule mwema asiwe na wigi, wanawake wema kibao mtaani wana mawigi. Nikaambiwa mtazamaji atachanganyikiwa.

Halafu wanaosema ni siasa za Mrusi, hao wenye mawigi tuliwahi kupigana nao lini?

#27 Msomaji wa Usiku
#26 Hilo wigi lina bibi yake Hollywood. Double Indemnity ya 1944, Barbara Stanwyck, mke anayempanga wakala wa bima wamuue mumewe: walimvalisha wigi la njano linaloonekana kabisa ni wigi. Muongozaji Billy Wilder baadaye alidai ubandia ule ulikuwa wa makusudi, kwamba mwanamke mwenyewe ni wa bandia. Wengine wanasema alijitetea tu maana wigi lilikuwa baya.

#28 Mpemba wa Mjini
Na Wahindi msiwasahau. Mr. India ya 1987, Mogambo wa Amrish Puri: kavishwa wigi la rangi ya dhahabu. Muhindi, wigi la Kizungu, koti la kijeshi la kuchekesha. Hapo adui alikuwa Mwingereza aliyeondoka 1947, na Mzee wa Steringi anaweza kupata pointi yake ya kwanza tangu bandiko la tatu.

#29 Mzee wa Steringi
#28 Naipokea. Na sikubali kwamba ni ya kwanza.

#30 Dr Chunusi
Mmesahau vipara. Blofeld wa James Bond ya 1967, Lex Luthor, Shakaal wa Shaan ya 1980. Mimi mwenyewe nina kipara na nina maslahi. Mnacheka, lakini Juni 2017 huko Milange, Msumbiji, polisi waliwaonya wanaume wenye vipara wajihadhari baada ya mauaji, maana watu waliaminishwa kichwani mwao mna dhahabu. Alama yoyote ya mwili ikishapewa hadithi, kuna mjinga atatafuta panga.

#31 Mwalimu Fasihi
#30 Hapo ninasita, daktari. Wauaji wa Milange hawakuwa wamemwona Blofeld. Waganga wa Kahama hawakusoma Da Vinci Code ya Dan Brown. Imani hizo zina njia zake: pesa, uchaguzi, migodi, wavuvi wanaotaka bahati. Tusiipe Hollywood sifa isiyo yake.

#32 Dr Chunusi
#31 Sikusema wameiga. Nimesema akili ni ileile.

#33 Mwalimu Fasihi
#32 Si ileile. Muongozaji anataka umuogope mhusika. Mganga anataka umwone mtu kama dawa. Mmoja anazua adui, mwingine anazua mali.

#34 Nuru ya Jua
Naomba niingie kati yenu. Kwa anayeishi ndani ya hii ngozi tofauti yenu ipo, ila ni ndogo. Mtoto wa darasa la kwanza akinikimbia siku ya kwanza sijui ametoka kwenye muvi au kwa bibi yake. Siku ya tatu anaomba kubeba madaftari yangu, kwa hiyo sihangaiki kutafuta.

Ninachotaka kuwauliza ninyi wapenzi wa muvi: nitajieni mhusika mwenye ualbino ambaye ni mtu wa kawaida tu. Si muuaji, si mzuka, si mwenye miujiza. Ana kazi, ana madeni.

#35 BintiTanga
#34 Powder ya 1995? Kijana mwema sana.

#36 Nuru ya Jua
#35 Anavuta radi mwilini na kusoma mawazo ya watu.

#37 Kibanda Umiza
#34 Geralt wa The Witcher?

#38 Msomaji wa Usiku
#37 Nywele zake zilibadilishwa na dawa za majaribio, huo si ualbino. Na kazi yake ni kuua mazimwi. Elric wa Michael Moorcock, tangu 1961, huyo ana ualbino na ndiye mhusika mkuu, ila ni mfalme mwenye upanga unaokula roho za watu. Madeni anayo lakini.

#39 Jirani wa Kondele
Me, Myself & Irene ya 2000 kuna Whitey, mhudumu wa mgahawa. Anawatisha wenzake kwamba aliua familia nzima, kumbe uongo mtupu, ni kijana mpole. Wamecheza na huo mtego wenyewe! Na muigizaji, Michael Bowman, ana ualbino kweli, si kama Paul Bettany aliyepakwa ili awe Silas.

#40 Nuru ya Jua
#39 Huyo nampokea. Mhudumu wa mgahawa ana madeni kwa hakika. Ila mmeona hata yeye ilibidi kwanza ashukiwe.

#41 Fundi Meikapu
White Shadow ya 2013, ilipigwa hapahapa Tanzania, kijana Alias ndiye muhusika mkuu, Hamisi Bazili kacheza vizuri mno, filamu ikachukua tuzo ya filamu ya kwanza kule Venice. Lakini anawindwa mwanzo mwisho.

#42 Nuru ya Jua
#41 Niliiona. Sikulala. Kwa hiyo orodha yenu mpaka sasa ni muuaji, radi, upanga, mwindwa na mhudumu mmoja. Endeleeni, kesho nina zamu.

#43 Chapati Mbili
Fundi Meikapu uko kwenye tasnia, kwa nini usiwaambie waandike hiyo ya nesi?

#44 Fundi Meikapu
#43 Mimi napaka tu. Wanaoandika wanaandikia kwenye daladala wakija kupiga picha.

#45 Msukuma wa Kahama
Narudi kwa BintiTanga, sijasahau. Nimefikiria usiku. Huenda si uhaba wala wingi. Ni mtu ambaye hana wa kumlipia kisasi. Bibi mjane, mtoto aliyekimbiwa na baba yake, mgeni. Kwenye muvi vilevile: ukimfanya adui awe kundi lenye nguvu watakushitaki, ukimfanya mtu mmoja mmoja aliyetawanyika hakuna wa kukufuata. Chama cha kina Nuru huko Marekani kilianzishwa 1982, muvi nyingi zimetoka kabla hawajapata hata barua yenye nembo.

#46 BintiTanga
#45 Hii naichukua kuliko ile ya kwanza. Ila Warusi na Wajerumani wana nguvu na wamefanywa maadui mpaka wamechoka. Unalijibuje hilo?

#47 Msukuma wa Kahama
#46 Nipe mpaka Jumapili.

#48 Tairi la Vumbi
Mtandao umerudi. Nina picha ya dume la manyoya meusi tuliloliona leo karibu na Moru, majike wanne pembeni yake. Inakataa kupanda.

#49 Jirani wa Kondele
#48 Weka tu hata ikichukua usiku kucha. Na ukiona la dhahabu limekaa peke yake chini ya mti, usilipige picha, liheshimu.

#50 Mzee wa Steringi
Hakuna aliyejibu la He-Man. Nalijibu mwenyewe: 1987 Gorbachev, mkubwa wa Warusi, alikuwa ameshaanza kulegeza.